Kifaa Kinacholia Kando ya Kiti: Usahihi wa Kupima Mzizi wa Jino kwa Umeme



Mada ya leo ni kifaa kidogo, kisichozidi sana ukubwa wa simu ya mkononi, kinachokaa kando ya kiti cha daktari wa meno anapotibu mzizi. Kina nyaya mbili. Mmoja huishia kwenye kindoano kinachotundikwa pembeni mwa mdomo wa mgonjwa. Wa pili hubanwa kwenye tupa nyembamba ya chuma, mfano wa sindano yenye makato, iliyomo ndani ya jino. Daktari anapoisogeza tupa ndani zaidi, kifaa huanza kulia, kwanza kwa vituo, kisha kwa haraka, mwishowe mfululizo. Mgonjwa aliyelala mdomo wazi hawezi kuuliza kitu, lakini akishasukutua na kutema huuliza: "Daktari, kile kilichokuwa kinalia ni nini?" Naye hujibiwa kuwa ni mashine ya kupima urefu wa mzizi.

Jibu hilo limezoeleka, na mgonjwa huondoka ameridhika. Lakini kifaa hicho hakipimi urefu. Hakijui milimita ni nini. Kazi yake ni kutambua kwamba ncha ya tupa imefikia tishu hai iliyo nje ya mzizi. Urefu tunaupima sisi wenyewe, kwa rula, baada ya tupa kutoka mdomoni. Naomba tukae na tofauti hiyo leo, kwa kuwa humo ndimo yalimo maswali yote ya usahihi: ni usahihi wa kitu gani, umelinganishwa na nini, na ulipimwa katika hali ipi.

Kwanza tulitazame jino lenyewe. Sehemu tunayoipiga mswaki ni ndogo. Sehemu kubwa imezama ndani ya mfupa wa taya. Katikati yake, ndani ya dentini, unapita mfereji uliobeba mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo kwa pamoja tunaiita kiini cha jino. Mfereji huo hufika karibu na ncha ya mzizi na kutokea nje kupitia tundu dogo sana. Baina ya mzizi na mfupa upo utando unaolishikilia jino, wenye damu na majimaji yake. Jino likioza mpaka kiini kikafa, bakteria huhamia ndani ya mfereji. Humo damu haipiti tena, hivyo kinga ya mwili haiwafikii, wala vidonge haviwafikii. Ndiyo maana mtu anamaliza dozi nzima ya antibiotiki, maumivu yanapoa, anashukuru Mungu, halafu baada ya muda uvimbe unarudi palepale. Tiba zilizobaki ni mbili: kuling'oa jino, au kuingia mferejini, kuusafisha wote, kuujaza na kuuziba.

Hapa Afrika Mashariki tiba ya kwanza ndiyo iliyoenea. Wapo wanaofika kliniki wameshakata shauri nyumbani: "Daktari, ning'olee tu, nipumzike." Wengine wamesikia kwa jirani kwamba kutibu mzizi ni kupoteza fedha, maana jino litauma tena. Siwadharau wanaosema hivyo, kwa sababu yapo meno yaliyotibiwa na yakauma tena, na miongoni mwa sababu zake ni kazi iliyoishia njiani au iliyopitiliza mwisho wa mzizi. Mwaka 1990 Ulf Sjögren na wenzake wa Umeå, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 356 waliochunguzwa upya miaka 8 hadi 10 baada ya kutibiwa. Walitazama hasa mizizi iliyokuwa na kiini kilichokufa na mfupa ulioliwa kwenye ncha. Ile iliyojazwa hadi ndani ya milimita 2 za mwisho ilipona kwa asilimia 94. Iliyojazwa ikapita nje ya ncha ilipona kwa asilimia 76. Iliyoachwa fupi kwa zaidi ya milimita 2 ilipona kwa asilimia 68.

Pimeni wenyewe uzito wa tarakimu hizo. Ugonjwa ni uleule, kliniki ni ileile, na bado kati ya asilimia 94 na 68 kuna pengo la karibu mzizi mmoja katika kila minne. Milimita 2 ni kama unene wa sarafu. Katika fani yetu huo ni umbali mkubwa mno, nasi tunajitahidi kufanya kazi ndani ya nusu milimita.

Zamani madaktari walitegemea mkono. Tupa iliposhuka na kukutana na ugumu fulani, au mgonjwa aliposhtuka, ilichukuliwa kuwa mwisho umefika. Ikaja eksirei. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi yake mwishoni mwa 1895, na mwaka 1899 Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans nchini Marekani, aliingiza waya wa risasi ndani ya mfereji wa jino akapiga picha kuona umefika wapi. Kwa msingi wake, njia hiyo bado tunaitumia: chuma ndani, picha, kipimo. Kells aliilipia kwa mwili wake. Alikuwa akifanya kazi mikono ikiwa wazi kwenye mionzi mwaka baada ya mwaka, akapata saratani, akakatwa vidole, baadaye mkono, akafariki mwaka 1928. Kila daktari anayesimama nyuma ya ukuta wa risasi kabla ya kubonyeza kitufe anafaidi somo lililopatikana kwa mateso ya watu kama yeye.

Eksirei ina ukomo wake. Ni kivuli cha kitu chenye kina, kilicholazwa juu ya filamu bapa. Mfereji ukitokea nje upande wa mbele au wa nyuma ya mzizi badala ya nchani, tupa inaweza kuwa imeshatoka na picha bado inaionyesha iko ndani. Kwa magego ya juu, mfupa wa shavu unaweza kukaa juu ya ncha za mizizi na kuzifunika kabisa.

Je, ni mara ngapi tundu hukaa pembeni? Hapo kazi ya Yury Kuttler wa Mexico bado inasomwa. Mwaka 1955 alichapisha uchunguzi wa ncha za mizizi ya meno 268 kwa hadubini. Katika vijana, asilimia 68 ya matundu hayakuwa katikati ya ncha. Kwa wenye umri wa miaka 55 na zaidi, asilimia 80. Sababu ya ongezeko hilo ni kwamba mzizi huendelea kupakwa tabaka jipya la simentamu maisha yote, na tabaka hilo halitandi sawasawa pande zote. Kuttler aliona pia kuwa ndani kidogo ya tundu mfereji hujibana kabla haujapanuka tena kuelekea nje. Tuite mahali hapo mbano. Kutoka katikati ya tundu hadi kwenye mbano alipata wastani wa milimita 0.524 kwa vijana na 0.659 kwa wazee.

Mbano ndiyo mahali tunapotamani kusimama. Hapo kidonda baina ya kazi yetu na mwili wa mgonjwa ni kidogo kuliko kokote, na vitu tunavyojazia hupata pa kuegemea visitoke nje. Lakini mwaka 1984 Paul Dummer na wenzake wa Cardiff, Wales, walichunguza meno 270 wakaonyesha kuwa mbano haina sura moja. Kuna mifereji yenye mbano moja iliyo wazi kama ya vitabuni. Kuna inayosinyaa taratibu bila mahali unapoweza kusema ni hapa. Mingine ina mbano zaidi ya moja, na mingine imenyooka sambamba hadi mwisho. Kwao wastani wa umbali kutoka ncha ya mzizi hadi kwenye mbano ulikuwa milimita 0.89. Tuyashike hayo, kwa sababu tutakapofika kwenye asilimia za vifaa tutauliza kifaa kiliambiwa kitafute nini, na kama kitu hicho kilikuwapo kwenye jino hilo.

Umeme uliingiaje humu? Daktari mmoja wa Marekani, L. E. Custer, alipendekeza matumizi yake mwaka 1918, wazo likalala. Mwaka 1942 mtafiti wa Japani aitwaye Suzuki, akifanya majaribio ya mkondo wa umeme kwenye meno ya mbwa, aliona jambo la ajabu: ukinzani wa umeme kati ya chuma kilichomo mferejini na elektrodi iliyo kwenye nyama laini ya mdomo haukuwa ukibadilika ovyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1962, Mjapani mwingine, Sunada, aliyapeleka matokeo hayo kwa binadamu. Alionyesha kuwa chuma kinapogusa utando wa jino mwishoni mwa mfereji, ukinzani huwa takriban kiloomu 6.5, awe mgonjwa kijana au mzee, liwe jino la mbele au gego.

Kwa nini iwe hivyo? Tupa ikiwa katikati ya mfereji imezungukwa na dentini, ambayo haipitishi umeme vizuri. Ikifika tunduni inakutana na tishu yenye majimaji ya chumvi, na umeme unapata njia ya wazi kupitia mwilini hadi kwenye kindoano cha mdomoni. Baadaye ilibainika kuwa hili ni suala la fizikia zaidi kuliko la uhai wa jino, kwani tabia kama hiyo huonekana hata kwenye mrija uliochovywa katika maji ya chumvi.

Hapo ndipo jibu la yule mgonjwa linapopatikana. Anayeteka maji kwenye kisima kirefu huteremsha ndoo gizani mpaka asikie imegonga maji. Sauti ile humwambia kuwa maji yamefikiwa. Ikiwa anataka kujua kina cha kisima, itabidi ashike kamba mahali ilipokutana na ukingo, aivute juu, na kuipima. Mlio wa kifaa chetu ni sauti ya ndoo. Kamba ni tupa, na alama ya mkono ni kipete kidogo cha mpira tunachokishusha kwenye tupa mpaka kiguse kilele cha jino. Sauti inaweza kuwa ya kweli kabisa na kipimo cha kamba kikawa cha uongo.

Vifaa vilivyofuata njia ya Sunada vilikuwa na udhaifu mkubwa. Vilitaka mfereji mkavu, na mfereji mkavu ni nadra. Tunausafisha kwa dawa ya klorini, una mabaki ya damu, pengine usaha. Majimaji hayo yanapitisha umeme, kwa hiyo kifaa kilitangaza kufika kabla ya kufika. Daktari aliyeamini sauti ile aliacha sehemu ya mwisho ya mfereji haijaguswa, nayo ndiyo sehemu yenye hatari kuliko zote.

Ukombozi ulitoka tena Japani. Badala ya kupima ukinzani wa mkondo mmoja, watafiti walianza kupitisha mikondo ya masafa mawili tofauti na kulinganisha. Chihiro Kobayashi na Hideaki Suda wa Tokyo walieleza mwaka 1994 njia ya uwiano: masafa ya kilohezi 8 na ya kilohezi 0.4 hupitishwa pamoja, na kifaa hugawanya ukinzani wa moja kwa ule wa pili. Tupa ikiwa mbali na mwisho, jibu la mgawanyo huo huwa karibu na 1. Ikikaribia mbano jibu hushuka haraka, hadi kama 0.67. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba majimaji yakibadilika, namba zote mbili hubadilika kwa pamoja na uwiano hauyumbi sana. Kifaa kilichojengwa juu ya wazo hilo, Root ZX cha kampuni ya J. Morita, kimekuwa kipimo ambacho vifaa vingine vingi hulinganishwa nacho. Nakiri kuwa nauheshimu sana ugunduzi huu. Ni hesabu ya kugawanya tu, na imeokoa mizizi isiyohesabika.

Sasa tufike kwenye usahihi. Matangazo ya vifaa hivi yamejaa asilimia: 95, 96, 97. Muuzaji anayeleta kifaa kliniki huzitaja kwa kujiamini, na daktari kijana huzipokea kama zilivyo. Nataka niwaonyeshe mojawapo inavyopatikana.

Anachaguliwa mgonjwa ambaye jino lake lingeng'olewa hata hivyo, kwa mfano ili kupata nafasi ya kunyoosha meno mengine, naye anaridhia. Anapigwa ganzi, jino linafunguliwa, tupa inaingizwa mpaka kifaa kinasema umefika. Tupa haitolewi. Inagandishwa palepale kwa simenti, mpini wake unakatwa, na jino linang'olewa chuma kikiwa ndani. Kazi inayofuata ni ya subira. Maabarani, mtafiti analishika jino chini ya hadubini na kuuchonga upande mmoja wa ncha, kama milimita 4 za mwisho, tabaka baada ya tabaka jembamba. Dentini inapungua mpaka chuma kinaanza kuonekana kama mstari mweusi nyuma ya kioo cha ukungu. Anaendelea taratibu zaidi, maana mkono ukiteleza ushahidi wote umepotea. Mwishowe mfereji unafunguka, na vinaonekana pamoja: ncha ya tupa, mbano, tundu. Hapo umbali kati yake unapimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, na ndiyo sababu tafiti za namna hiyo huwa na meno machache.

Mwaka 1996 Shahrokh Shabahang na wenzake walifanya hivyo na Root ZX wakapata asilimia 96.2, wakikubali kosa la hadi nusu milimita kila upande wa tundu. Asilimia hiyo imenukuliwa kila mahali. Mifereji waliyoipima ilikuwa 26. Kwa hiyo 96.2 ni mifereji 25 kati ya 26. Ungeongezeka mmoja tu wenye kosa, namba ingeshuka hadi 92.3. Sisemi kazi yao ni dhaifu, maana ilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Nasema tarakimu iliyo nyuma ya nukta isitufanye tudhani kuna maelfu ya meno nyuma yake.

Angalieni pia kwamba walipima kutoka tunduni. Mwaka 2005 Tselnik, Baumgartner na Marshall walitumia kifaa hichohicho, wakachonga meno vilevile, lakini wakapima kutoka kwenye mbano. Wakapata asilimia 75 ndani ya nusu milimita. Je, kifaa kiliharibika kati ya 1996 na 2005? La hasha. Tundu ni ukingo ulio wazi ambao umeme huutambua vizuri, lakini mbano, kama Dummer alivyotuonyesha, wakati mwingine haipo. Ukikitaka kifaa kikuonyeshe mahali pasipokuwapo, lawama si ya kifaa. Kabla yao, mwaka 2003, Welk akishirikiana na hao wawili wa mwisho alikuwa ameweka vifaa viwili tofauti katika meno yaleyale. Root ZX ilifika kwenye mbano, ndani ya nusu milimita, kwa asilimia 90.7, kifaa cha pili kwa asilimia 34.4. Kwa hiyo hata kusema tu kwamba vifaa vya umeme ni sahihi ni kusema jambo lisilotosha. Kifaa kipi?

Lipo na tatizo la wastani. Ripoti nyingine hueleza kuwa wastani wa kosa ni karibu na sifuri, na msomaji mwenye haraka anafurahi. Chukueni mizizi miwili: mmoja tupa imepitiliza milimita moja, wa pili imeishia milimita moja kabla. Wastani wa kosa ni sifuri, na wagonjwa wote wawili wamekosewa. Ninapowafundisha wanafunzi kusoma tafiti hizi nawaambia waache wastani kwa muda, watafute kwanza kosa kubwa kuliko yote lililotokea, kwa sababu aliyepatwa nalo naye ni mtu.

Tafiti nyingi zaidi hufanywa mezani, kwa meno yaliyokwisha kung'olewa yakachomekwa ndani ya alginati, ile dawa laini tunayotumia kuchukua alama za meno. Alginati inapitisha umeme, kwa hiyo inashika nafasi ya utando. Tafiti hizo ni muhimu kwa kulinganisha kifaa na kifaa. Lakini mezani hakuna mate, hakuna ulimi unaosukuma, hakuna mgonjwa anayeogopa.

Niingie kwenye jambo linalonikera kidogo kuhusu vioo vya vifaa hivi. Kioo huonyesha mizani yenye namba 3, 2, 1, 0.5, kisha neno au alama ya mwisho. Ni nani asiyedhani kuwa hizo ni milimita? Sizo. Maelekezo ya watengenezaji yenyewe hutahadharisha kwamba namba hizo si umbali. Ni hatua za mabadiliko ya umeme zilizopewa majina yanayofanana na milimita, na binafsi naona ingefaa zaidi wangetumia rangi tupu. Alama inayoaminika zaidi ni ile ya mwisho, inayosema tundu limeguswa, kwa kuwa hapo badiliko la umeme ni kubwa na la ghafla. Kwa hiyo wengi wetu huisogeza tupa taratibu mpaka alama hiyo, tukaitoa na kuipima kwenye rula, kisha tukapunguza nusu milimita au zaidi kidogo kwa hesabu. Anayesimama kwenye 0.5 ya kioo akaandika kwenye kadi ya mgonjwa kuwa amebakiza nusu milimita ameandika kitu ambacho hakukipima.

Halafu kuna mazingira. Mate yakiingia kwenye jino lililofunguliwa, umeme unakimbilia ufizini na kifaa kinalia kabla ya wakati. Tupa ikigusa kijazo cha zamani cha amalgamu au kofia ya chuma, hivyohivyo. Suluhisho halihitaji fedha nyingi: kulitenga jino kwa mpira maalumu unaotandazwa mdomoni, kuondoa uozo wote na vijazo vibovu kwanza, kukausha chumba cha kiini kilicho juu ya mfereji huku mfereji wenyewe ukibaki na unyevu, na kutumia tupa inayoenea mferejini badala ya nyembamba inayoelea katikati. Mlio ukirukaruka, daktari asitafute wastani wa milio. Atafute chanzo.

Watoto wanahitaji tahadhari ya pekee. Mtoto wa miaka 8 aliyeanguka akavunja jino la mbele la juu ana mzizi ambao haujafunga. Mwisho wake uko wazi, hauna mbano wala tundu dogo. Kwenye mzizi kama huo kifaa mara nyingi husema umefika mapema mno. Hapo picha inabaki kuwa tegemeo. Kwa upande mwingine, palipo na tundu lisilotakiwa ubavuni mwa mzizi, kifaa hiki hulitambua vizuri kuliko eksirei. Tupa ikiingia kidogo tu na kifaa kikalia moja kwa moja kuwa umefika, ni onyo kwamba huenda ukuta umetobolewa.

Na rula? Hii ndiyo sehemu tunayoipuuza kuliko zote. Kipete cha mpira kikikaa mshazari, milimita imepotea. Kilele cha jino kilichotumika kama alama kikivunjika kati ya miadi miwili, vipimo vyote vya mwanzo havifai tena. Mfereji uliopinda hunyooka kidogo kadiri unavyopanuliwa, na njia iliyonyooka ni fupi kuliko iliyopinda. Urefu uliokuwa sahihi asubuhi unaweza kuwa mrefu kupita kiasi kazi inapokaribia mwisho. Kwa hiyo tupime tena, hata zaidi ya mara moja, kwa tupa ileile iliyopimwa kwa rula ileile. Daktari atanunua kifaa cha bei kubwa, kisha akapima tupa kwa rula iliyofutika mistari. Nusu milimita yote aliyoilipia inaishia hapo.

Najua kuna vituo katika nchi zetu ambavyo mashine ya eksirei imeharibika au haijawahi kuwapo, na kifaa hiki kinaonekana kuwa mkombozi, kwa kuwa hutumia betri na hubebeka mkononi. Shauri langu ni kwamba kisitumike peke yake. Kifaa kinasema tupa imefika wapi katika mfereji ilimo. Hakisemi mzizi umepinda upande gani, wala hakisemi kwamba gego la juu lina mfereji wa nne ambao haujafunguliwa. Picha moja nzuri kabla ya kazi hutuambia hayo, na kifaa hutupunguzia picha nyingi za katikati. Penye kifaa pasipo na picha, kumpa mgonjwa rufaa ya kwenda penye vyote ni sehemu ya tiba.

Mgonjwa mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo amwambie daktari wake kabla ya kukaa kitini. Majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 2000 yametia moyo kwamba vifaa vya kisasa vya mizizi haviingiliani kirahisi na vya moyo, lakini uamuzi ufanywe pamoja na daktari wa moyo, na usifanywe kwa kukisia.

Limebaki moja, nalo linawahusu ninyi mtakaotibiwa kuliko sisi tunaotibu. Mlio sahihi na rula sahihi vinathibitisha kuwa tumefika mwisho wa mfereji. Havithibitishi kuwa jino limepona. Mfupa ulioliwa huchukua miezi mingi kujijenga upya, na mara nyingi jino huacha kuuma muda mrefu kabla ya hapo, ndiyo maana watu hawarudi. Miongozo ya Jumuiya ya Ulaya ya Endodontolojia ya mwaka 2006 inataka jino litazamwe kwa picha angalau baada ya mwaka 1, na ikiwa kivuli kwenye mfupa hakijaisha, liendelee kufuatiliwa hadi miaka 4. Kwa hiyo daktari akikuandikia tarehe ya mwakani kwenye kadi, na jino haliumi, njoo.